Swichi Tatu za Mtumba Zinatosha

Anayejiandaa kwa mtihani wa CCNA hukumbana na maswali mawili ya fedha hata kabla hajafungua kitabu. La kwanza lina jibu linalojulikana: ada ya mtihani wa 200-301 ni dola 300 za Marekani, pamoja na kodi pale inapotozwa. La pili kila mtu hulijibu kivyake: maabara ya mazoezi nyumbani igharimu kiasi gani? Wapo wanaojaza kabati zima la swichi na ruta, wakapiga picha, kisha wakaishiwa hela ya kulipia mtihani. Wapo pia wanaoogopa gharama wasinunue chochote, wakaingia kazini hawajawahi kuchomeka kebo ya konsoli.

Nashauri kanuni moja: vifaa vyote vya maabara, yaani swichi, kebo na nyaya za umeme, visizidi ada ya mtihani wenyewe. Swichi zilizotolewa maofisini baada ya miaka kumi au zaidi ya kazi hushuka bei sana, na kwa mwanafunzi bado zina uhai wa kutosha. Cha muhimu ni kujua unatafuta nini, maana maboksi mawili yanayofanana kwa sura yanaweza kutofautiana sana kwa uwezo.

Anza na kisicho na gharama

Kabla ya kwenda dukani, pakua Packet Tracer. Cisco wanaitoa bure kupitia Networking Academy, na laptopu ya kawaida inaibeba bila taabu. Humo utaunda VLAN, utaunganisha swichi kwa trunki, utajaribu OSPF na hata kidhibiti cha mtandao usiotumia waya. Mwenye kompyuta yenye nguvu anaweza kuongeza GNS3 au EVE-NG, au toleo la bure la Cisco Modeling Labs linaloruhusu vifaa 5 kwa wakati mmoja.

Tazama jinsi mtihani ulivyogawanywa. Misingi ya mitandao ina asilimia 20, ufikiaji wa mtandao 20, uelekezaji wa IP 25, huduma za IP 10, usalama 15, na otomatiki 10. Sehemu ya uelekezaji unaweza kuimaliza yote kwenye programu. Ya otomatiki haisaidiwi na swichi kuukuu hata kidogo, kwa kuwa IOS ya zamani haina RESTCONF. Kwa hiyo tumia maabara za bure za Cisco DevNet. Swichi halisi zinakufaa zaidi katika ile asilimia 20 ya ufikiaji wa mtandao, sehemu ya usalama wa poti, na huduma kama SSH, NTP na syslog.

Kwa hiyo usinunue swichi ili ujifunze amri, kwa sababu amri zimo kwenye Packet Tracer. Nunua ili ujifunze yale ambayo programu haiyaonyeshi: kebo iliyokatika ndani inavyosumbua, poti iliyokufa inavyofanana na poti iliyofungwa, nenosiri la mtu mwingine linavyoondolewa, na kwa nini kompyuta iliyochomekwa sasa hivi inakaa nusu dakika bila mtandao. Ukishaelewa hivyo, hutatafuta swichi mpya wala yenye kasi. Kazi ya maabara ni ping na SSH, na poti za megabiti 100 kwa sekunde zinaibeba bila kutoka jasho.

Kwa nini tatu

Swichi moja inakufundisha VLAN, usalama wa poti na kuingia kwa SSH. Mbili zinakupa trunki na EtherChannel. Ya tatu ndiyo inayofungua somo ambalo wengi hulikariri bila kulielewa: spanning tree.

Ziunganishe swichi tatu kwa pembetatu, kila moja na mbili nyingine, kisha washa zote. Baada ya muda mfupi taa za poti zitageuka kijani isipokuwa moja, ambayo itabaki na rangi ya chungwa. Mgeni atadhani poti hiyo ni mbovu, kumbe iko salama kabisa: swichi zimegundua kitanzi na zimeifunga njia moja ili pakiti zisizunguke bila mwisho. Andika `show spanning-tree` kwenye kila swichi uone ipi imechaguliwa kuwa kiongozi. Kama hujagusa chochote, zote zina kipaumbele cha kiwandani, 32768 pamoja na namba ya VLAN, kwa hiyo mshindi ni yule mwenye anwani ndogo ya MAC. Mara nyingi huyo ndiye mkongwe kuliko wote, yaani ile swichi ambayo katika ofisi halisi usingependa ibebe mzigo. Hapo ndipo amri ya `spanning-tree vlan 1 root primary` inapopata maana.

Sasa chomoa kebo moja ya zile zinazopitisha data huku ping ikiendelea, uhesabu sekunde mpaka mawasiliano yarudi. Kwa mfumo wa zamani poti inayoamshwa hupita hatua mbili za sekunde 15 kila moja, na wakati mwingine hutanguliwa na kusubiri kwa sekunde 20. Geuza zote ziwe Rapid PVST+ urudie jaribio. Utakachokiona hutakisahau kwenye chumba cha mtihani.

Mgawanyo ninaoupendekeza ni swichi mbili za tabaka la 2 na moja ya tabaka la 3. Hiyo ya tabaka la 3 inapitisha data kati ya VLAN yenyewe, bila ruta. Kama bajeti inabana kabisa, anza na mbili za tabaka la 2, ya tatu ije baadaye. Ya nne haikuongezei kitu kwa ngazi hii.

Soma jina kabla hujauliza bei

Muuzaji atakwambia "Cisco 24 port", nawe utaitikia kana kwamba amekwambia kitu. Geuza swichi usome lebo. Tuchukue WS-C2960-24TT-L. Hiyo 2960 ni familia. Namba 24 ni idadi ya poti kuu. T ya kwanza inasema poti hizo ni za kebo ya kawaida bila umeme ndani yake; ingekuwa P, zingetoa umeme wa PoE. T ya pili inahusu poti mbili za kuunganishia juu, kwamba nazo ni za kebo ya kawaida. Ingekuwa C, zingekubali kebo au moduli ya SFP. Ingekuwa S, zingetaka SFP pekee, na moduli hizo hununuliwa kando.

Herufi ya mwisho ndiyo yenye mtego. Kwenye 2960, L ni LAN Base na S ni LAN Lite. LAN Lite imepunguzwa uwezo, hasa upande wa usalama na upangaji wa vipaumbele vya data, na huwezi kuipandisha iwe LAN Base kwa kubadili programu. Ikiwa bei zimekaribiana, chukua L bila kusita. Ukihamia familia ya 3560, herufi ileile S ina maana nyingine: ni IP Base, na kwa mazoezi inafaa sana, ilhali E ni IP Services, yenye itifaki zote za uelekezaji. Mtu aliyeambiwa "usichukue S" akaikataa 3560-24TS-S amekosa swichi nzuri kwa kukariri.

Mwisho angalia jina la faili la IOS. Likiwa na k9, kama katika `c2960-lanbasek9-mz`, swichi ina uwezo wa usimbaji, hivyo utaweza kuwasha SSH. Bila k9 utabaki na Telnet, na SSH imo kwenye mtihani. Usijifariji kwamba utapakua faili jingine kirahisi: tovuti ya Cisco hutaka mkataba wa huduma kwa mapakuo mengi, na swichi ya mtumba haiji na mkataba. Faili za IOS zinazozagaa mitandaoni hujui nani amezigusa. Nunua swichi ambayo tayari ina faili unalolitaka.

Ipi ichukuliwe, ipi iachwe

2950 iache, hata ukipewa kwa bei ya soda. Ni kizazi cha mwanzoni mwa miaka ya 2000, IOS yake ni ya enzi ya 12.1, na poti zake hazitambui zenyewe aina ya kebo. Ukiunganisha swichi kwa swichi lazima uwe na kebo ya kukingamisha. Zilizokuja baada yake hujirekebisha zenyewe.

2960 ya kawaida ndiyo farasi wa maabara hii. Ina VLAN, trunki, EtherChannel, Rapid PVST+, usalama wa poti na DHCP snooping. Ikiwa na LAN Base na IOS 12.2(55)SE au ya juu zaidi, ina siri ambayo wauzaji wengi hawaijui: amri ya `sdm prefer lanbase-routing`, kisha kuwasha upya, huipa uwezo wa kuelekeza kati ya VLAN na kubeba njia tuli 16. Mwenye 2960 mbili za aina hiyo anaweza kufanya mazoezi ya uelekezaji kati ya VLAN kabla hata hajapata swichi ya tabaka la 3.

2960-S na 2960-X ni nzuri, zina poti za gigabiti, ila unalipia kasi usiyoihitaji. Zichukue tu zikiangukia bei ya 2960 ya kawaida.

3560 ni chaguo langu kwa nafasi ya tabaka la 3. Ina tofauti moja ndogo itakayokuumiza kichwa siku ya kwanza. Ukiandika `switchport mode trunk` kwenye 2960, inakubali. Ukiandika hivyohivyo kwenye 3560 ambayo poti yake iko katika hali ya kiwandani, inakataa. Sababu ni kwamba 3560 inajua mitindo miwili ya kufunga data za trunki, ISL ya zamani na 802.1Q, na inataka uchague kwanza kwa `switchport trunk encapsulation dot1q`. 2960 inajua mmoja tu, kwa hiyo haikuulizi. Na ukiiandikia amri hiyo haiitambui. Kukutana na tofauti hii ni sababu nyingine ya kuchanganya familia mbili badala ya kununua tatu zinazofanana. Usitegemee IP Base ya zamani kwa OSPF kamili. Hiyo ifanyie Packet Tracer.

3750 ni ndugu wa 3560 mwenye uwezo wa kuungwa mgongoni na wenzake zikawa kama swichi moja. Kwa CCNA uwezo huo hauhitajiki, lakini kama bei ni ileile, hakuna ubaya.

Zile ndogo za poti 8, kama 2960-8TC-L, 2960-C na 3560-8PC, hazina feni. Kwa anayeishi chumba kimoja cha kupanga, hilo si jambo dogo. Kwa kuwa zinapendwa, bei yake huweza kuwa juu kuliko ya ndugu zao wenye poti 24. Pima usingizi wako na mfuko wako, uamue.

PoE usiilipie. Inahitajika kwa simu za IP na vifaa vya Wi-Fi vya darini, ambavyo huna. Swichi yenye PoE ni nzito zaidi, ina joto zaidi, na pawa saplai yake ndiyo sehemu inayoanza kuchoka.

Kisha kuna maboksi ya bei chee yaliyojaa kila duka la vifaa vya kompyuta: poti 5 au 8, plastiki, unachomeka na kusahau. Kwa kugawa intaneti nyumbani yanafaa. Kwa maabara hayafai, kwani hayana konsoli wala mahali pa kuandika amri. Hata zile zinazosimamiwa kupitia kivinjari na zinazojua VLAN hazitakufundisha amri za IOS ambazo mtihani unazitaka.

Umeme, joto na kelele

2960 ya poti 24 isiyo na PoE hula kama wati 30 kwa kiwango cha juu. Tatu ni wati 90. Ukiziacha zikiwaka usiku na mchana, kwa mwezi wa siku 30 zitakula karibu uniti 65. Linganisha na viwango vya miaka ya karibuni: Tanzania, mteja mdogo wa nyumbani anapata bei ya chini mpaka uniti 75 kwa mwezi, Kenya, kundi la chini kabisa linaishia uniti 30. Maana yake swichi zako zinaweza kukutoa kwenye bei nafuu, ukaanza kulipia hata friji na taa kwa bei ya juu. Ukiziwasha saa tatu tu kwa siku, wakati wa kusoma, hesabu inashuka hadi uniti 8 hivi. Weka soketi ya kuunganishia yenye kitufe, uwashe na kuzima zote kwa mkupuo mmoja.

Swichi za Cisco zilizotoka Marekani hazihitaji transfoma. Zinapokea volti 100 hadi 240 zenyewe. Waya wake wa umeme ni uleule wa kompyuta ya mezani, kwa hiyo tafuta wenye plagi ya miguu mitatu mikubwa tunayoitumia hapa. Umeme wetu unapokatika na kurudi kwa kishindo, stabilaiza ya heshima inaokoa zaidi ya swichi. Jizoeze pia kuandika `copy running-config startup-config` kila baada ya hatua kubwa, la sivyo umeme ukikatika utaanza upya.

Kwa watu wa pwani, angalia skrubu na matundu ya poti. Kutu hapo ni dalili ya swichi iliyokaa miaka kwenye hewa ya chumvi. Pini za poti zikiwa na ukungu wa kijani, iache.

Usilipe kabla hujaiona ikiwaka

Iwe Kariakoo, Luthuli Avenue au kwa jirani anayehama, nenda na laptopu, kebo ya konsoli na kebo mbili fupi za mtandao. Kebo ya konsoli ya kizamani ni ile bapa ya samawati yenye RJ-45 upande mmoja na plagi ya pini 9 upande wa pili. Kwa laptopu za sasa utahitaji kigeuzi cha USB. Nunua chenye chipu ya FTDI. Vigeuzi vya bei ya chini sana mara nyingi huwa na chipu bandia ambazo Windows huzikataa, ukabaki unailaumu swichi isiyo na kosa.

Fungua PuTTY kwa kasi ya 9600, biti 8, bila pariti, biti 1 ya kusimama, bila udhibiti wa mtiririko. Chomeka konsoli kwanza, umeme baadaye, ili uyaone maandishi tangu mstari wa kwanza. Mambo matatu yanaweza kutokea.

La kwanza, maandishi yanatiririka, majaribio ya vifaa yanasema yamepita, na baada ya dakika chache swichi inakuuliza kama unataka kusaidiwa kuisanidi. Jibu `no`. Hiyo iko safi. La pili, inatoka michoro isiyosomeka. Usiikimbie, huenda mwenye nayo wa zamani alibadili kasi ya konsoli, hivyo jaribu 115200 au 19200. La tatu, inasimama kwenye `switch:` na kukwama hapo. Maana yake mara nyingi ni kwamba faili la IOS halipo au limeharibika. Linaweza kurudishwa kwa Xmodem kupitia konsoli, lakini kwa kasi ya 9600 faili la megabaiti 10 huchukua saa tatu. Ukipandisha kasi kwa `set BAUD 115200`, muda unashuka hadi robo saa. Kama huna faili halali mkononi, swichi hiyo kwako ni chuma tu. Lipa bei ya chuma au ondoka.

Ikiwaka vizuri, pita kwenye amri nne. `show version` inakupa modeli, jina la faili la IOS na namba ya mfululizo; linganisha modeli na namba hiyo na lebo ya nyuma. `show post` inaonyesha kama kuna sehemu iliyofeli jaribio la kuwasha. `show env all` inasema hali ya feni, joto na umeme. Kisha chomeka laptopu kwenye poti moja baada ya nyingine na `show interfaces status` ikuambie ipi inashika na ipi imekufa. Poti moja au mbili zilizokufa kati ya 24 si sababu ya kuikataa, ni sababu ya kupunguziwa bei. Maabara yako haitatumia hata poti kumi.

Swichi bandia zipo. Mwaka 2020 kampuni ya F-Secure ya Finland ilichapisha uchunguzi wa nakala za Catalyst 2960-X zilizogunduliwa baada ya kugoma kufuatia usasishaji wa programu. Kwa hiyo 2960-X "mpya kwenye boksi" kwa bei ya mtumba itilie shaka. Swichi kuukuu yenye mikwaruzo na lebo ya ofisi iliyokuwa nayo hunitia imani zaidi.

Nenosiri la mwenye nayo

Swichi nyingi za mtumba huja na nenosiri ambalo muuzaji halijui. Mwanafunzi aombe apate iliyofungwa, kwa kuwa bei hushuka na somo linaongezeka. Chomoa umeme. Chomeka tena, na ndani ya sekunde 15, taa ya SYST ikiwa bado inamweka kijani, bonyeza kitufe cha Mode ukishikilie mpaka taa igeuke chungwa kidogo kisha kijani tuli. Achia. Kwenye `switch:` andika `flash_init`, halafu `dir flash:` uone faili zilizomo, kisha `rename flash:config.text flash:config.old`, na mwisho `boot`. Swichi itaamka bila usanidi, hivyo bila nenosiri.

Usiishie hapo. Futa usanidi wa zamani wote, pamoja na `vlan.dat`, ambayo `erase startup-config` haiigusi. Hilo faili likibaki, VLAN za ofisi ya watu zitaendelea kuonekana kwenye maabara yako. Baya zaidi, swichi yenye namba kubwa ya marekebisho ya VTP inaweza kufuta VLAN zako zote pindi utakapoiunganisha kwa trunki na nyingine zenye jina lilelile la kikoa. Ni adabu pia kufuta: usanidi wa kampuni ya watu, na anwani na majina yake, haukuhusu.

Ukiwasha SSH, laptopu yako mpya inaweza kukataa kuongea na swichi ya zamani kwa kuwa njia zake za kubadilishana funguo, kama diffie-hellman-group1-sha1, hazikubaliki tena. Utaruhusu njia hiyo kwa muda, kwa swichi hiyo pekee. Kwa sababu hiyohiyo usiiweke swichi ya maabara ikaonekana kutoka intaneti. Programu yake haipati tena marekebisho, na mwaka 2018 swichi nyingi za Cisco duniani zilivamiwa kupitia huduma ya Smart Install. Andika `no vstack` uizime, na maabara ibaki ndani.

Kuagiza nje

Bei za kwenye mnada wa eBay zinavutia mpaka ukumbuke uzito. 2960 moja ni kama kilo 3.6, 3560 yenye PoE inapita kilo 5. Tatu kwa ndege, pamoja na gharama za forodha na VAT, ambayo ni asilimia 18 Tanzania na 16 Kenya, zinaweza kuzidi bei ya swichi zenyewe. Kama una ndugu Dubai anayesafirisha mzigo wa baharini, mwombe aongeze swichi ndani yake. Vinginevyo tafuta karibu: mafundi wa mitandao wanaobadilishia ofisi vifaa, minada ya mashirika, na wanafunzi waliokwisha kufaulu. Hao wa mwisho ndio bora, kwa sababu vifaa vyao vimeshajaribiwa kwa mtihani uleule.

Njia iliyo nafuu kuliko zote ni kuchanga. Watu watatu wanaosomea mtihani mmoja, kila mmoja akinunua swichi yake, wanapata maabara kamili kwa theluthi ya gharama. Wakutane Jumamosi waunganishe pembetatu, katikati ya wiki kila mtu abaki na yake. Mmoja aharibu usanidi kwa makusudi, wengine watafute kosa. Zoezi hilo huwezi kulifanya na nafsi yako, kwa kuwa unajua ulichokiharibu. Muafikiane mapema, kwa maandishi, kwamba kila swichi ina mwenye nayo.

Kama mtihani wako si wa Cisco, vifaa hubadilika lakini fikra ni ileile. Anayelenga MTCNA anunue kifaa kimoja kidogo cha MikroTik, ambacho hata kipya si ghali, na akitumikishe pamoja na CHR kwenye kompyuta. Anayelenga cheti cha awali cha Juniper atafute EX2200 ya mtumba.

Panga pia siku ya kuuza tangu siku ya kununua. Hifadhi kebo ya konsoli na waya wa umeme wa kila swichi, usiandike jina lako juu ya boksi kwa kalamu ya wino, na andika pembeni poti zipi ni mbovu na IOS ipi imo. Ukishafaulu, futa usanidi wako wote kama ulivyofuta wa mwenzako, uziuze zote tatu kwa pamoja kwa mwanafunzi anayefuata. Swichi za kizazi hiki zimeshashuka bei kadiri ya kushuka, kwa hiyo sehemu kubwa ya fedha yako inaweza kurudi, ukaianzishia akiba ya ada ya mtihani unaofuata.